Kitabu chekundu cha Lisbon na kaunta buku ya gesti zetu

Nimelala gesti Lisbon usiku 4 na kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo sio tramu ya njano wala mto, ni kitabu. Ngoja niwasimulie, na wale wa "huyu nae keshaanza" vuteni subira kidogo, nitawafikia.

Gesti yenyewe iko Alfama, mtaa mkongwe wa Lisbon. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilibomoa sehemu kubwa ya jiji ila Alfama ilisalimika kiasi, ndo maana vichochoro vyake bado ni vilevile vya kupishana kwa ubavu. Hata jina lenyewe ni la Kiarabu, limebaki tangu enzi Waislamu wanatawala pale kabla ya 1147. Mtu wa Unguja ukimshusha pale usiku bila simu ataanza kutafuta njia ya Forodhani, sitanii, tofauti ni kwamba Lisbon ni milima mitupu na vile vijiwe vyeupe walivyotandaza chini vikilowa vinateleza kama umepaka mlenda.

Chumba kiko ghorofa ya 4, lifti hamna, ngazi za mbao nyembamba zinalia kila ukikanyaga. Kitanda kimoja, kiti kimoja, dirisha linatazamana na chupi za jirani kwenye kamba, bafu la kushea mwisho wa korido. Euro 41 kwa usiku, halafu juu yake kuna kodi ya jiji euro 4 kwa kila kichwa kila usiku (ilikuwa 2, wakaipiga mara mbili Septemba 2024). Yaani naongelea gesti ya kawaida kabisa ya mtu mwenye hela ya mawazo, sio hoteli, maana najua kuna watu washanipiga picha nimevaa joho jeupe nakunywa kahawa roshani.

Nikiwa nimejilaza siku ya kwanza akaja mama wa usafi, mtu wa Cape Verde, kaleta shuka, akanionyesha mto akasema "fronha". Nikaruka kitandani! Foronya! Nilikuwa najua kwamba meza, bendera na leso tumezitoa kwa Wareno, lakini kulisikia neno la marehemu bibi yangu Tandika linatoka mdomoni mwa mtu Alfama ni kitu kingine. Nikamwambia na sisi tunasema foronya, akacheka, akaniletea mbili.

Sasa maji. Bafu lilikuwa na hita ya gesi, zile za ukutani, unafungua bomba inawaka puu, unajipaka sabuni, inazima. Machi hiyo, maji ya Machi Lisbon hayana utani. Nikamwambia kijana wa mapokezi, akapandisha mabega. Kesho yake tena, tena akapandisha mabega. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu nimekulia nyumba ya kuoga na kopo, maji ya baridi kwangu sio msiba, na pia kwa sababu ya ule ugonjwa wetu, si mnaujua, wa kujiambia "ah, si siku mbili tu zimebaki".

Kumbe jirani yangu wa chumba cha pili, mama mmoja wa makamo kutoka Porto, alikuwa anasikia ninavyopiga kelele bafuni. Siku ya tatu asubuhi akanikuta kwenye korido na taulo, povu kichwani, akaniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga: umeomba kitabu? Kitabu gani? Akanishika mkono, mimi na povu langu, tukashuka mpaka mapokezi, akamwambia yule kijana maneno matatu tu. Livro de reclamações. Aisee! Yule kijana wa mabega alisimama kama kaitwa na hedimasta. Mabega yakashuka. Akapiga simu moja, akapiga ya pili, na saa 5 kasoro fundi alikuwa amepanda ngazi zote zile na begi la spana. Kitabu chenyewe hata hatukukiandika.

Nikakaa na yule mama kwenye ngazi akanielewesha. Ureno kila biashara inayohudumia watu, iwe gesti, mgahawa, duka au gereji, lazima kisheria iwe na kitabu cha malalamiko, jalada jekundu, na lazima ibandike tangazo mahali panapoonekana kwamba kitabu kipo. Ukikiomba wanatakiwa wakupe hapohapo, na wakikunyima unaruhusiwa kuita polisi. Polisi, kwa ajili ya kitabu! Ukiandika, karatasi zinatoka tatu: moja unaondoka nayo, moja inabaki kitabuni, na ile ya juu mwenye biashara mwenyewe ndo analazimika kuipeleka kwa mamlaka inayomsimamia ndani ya siku 15 za kazi. Yaani mtu anajipeleka mwenyewe kushtakiwa. Kwa gesti mamlaka hiyo inaitwa ASAE, na ukiwataja hao kwenye mgahawa wowote utaona vijiko vinavyoanza kufutwa. Ofisi za serikali nazo zina cha kwao, cha njano. Na tangu 2017 kuna cha kwenye intaneti pia.

Huko Ujerumani ninakoishi mwaka wa 11 huu sijawahi kukiona kitu kama hicho, kwa hiyo msije mkasema nasifia "Wazungu". Nasifia Wareno, na kwa hili tu.

Maana mi nilipokuwa nimekaa kwenye zile ngazi nilikuwa nawaza kitabu chetu. Na sisi tunacho! Gesti gani ya Bongo haina kitabu? Kaunta buku, imepigwa mistari kwa rula, kalamu imefungwa na uzi. Tarehe, jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, sahihi. Kabila! Nimelipa hela yangu nilale, wewe unataka kabila langu la nini, ulipange kwenye foronya? Halafu ukiinua macho unakutana na masharti ukutani: mwisho wa kutoka saa 4 asubuhi, mali isiyokabidhiwa mapokezi uongozi hauhusiki, wanaume wawili hawaruhusiwi chumba kimoja, kelele marufuku, kupika marufuku, kupiga pasi marufuku. Mgeni anahojiwa, mgeni anaonywa. Mwenye nyumba yeye hajaulizwa kitu hata kimoja. Neti imetoboka tundu la kupitisha ngumi, ndala moja ya bluu moja ya kijani na zote za kushoto, swichi ya feni ukiigusa inakusalimia, na hamna ukurasa wowote kwenye lile buku zima wa kuandika hayo.

Kwetu kitabu kinamuuliza mgeni, kule kinamuuliza mwenye nyumba. Ndo tofauti ninayoisema, sina nyingine. Barabara zao wakae nazo.

Haya, nawasikia. Wa kwanza anasema kwani hatuna sanduku la maoni? Tunalo ndugu yangu, nalijua, liko zahanati, liko ofisi ya kata, limepakwa rangi ya bluu, kufuli limeota kutu na ufunguo anao bwana mmoja aliyehamishiwa Sumbawanga. Kuna mtu kaingiza humo ganda la pipi, na ndo maoni pekee yatakayosomwa. Wa pili anasema kuna namba za bure za kupiga. Nimezipiga. Zinaita vizuri sana.

Wa tatu ndo ananiumiza, ni yule wa "umelala Ulaya siku 4 umeshasahau ulikotoka". Kwanza umenipunguzia, ni miaka 11. Pili sijasahau, na nikupe ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Mwaka 2013 nilishikwa na malaria nikiwa gesti moja Makambako, saa 8 usiku natetemeka mpaka kitanda kinasogea. Dada wa mapokezi alisikia, akaja, akamwamsha mlinzi, wakanipakia bodaboda, mlinzi kakaa nyuma yangu ananikumbatia nisianguke mpaka hospitali, yule dada pochi yangu kaibeba yeye na asubuhi akanirudishia haijapungua shilingi. Hamna sheria iliyomlazimisha. Sasa ile gesti ya Alfama kijana anafunga mapokezi saa 2 usiku anaondoka, baada ya hapo ni wewe na namba za kubonyeza mlangoni. Ningepata ile malaria kule wangenikuta asubuhi wakija kudai chumba.

Kwa hiyo ndo hapo nachanganyikiwa na ndo hapo hasira inapotoka. Watu wenye roho ya yule dada wa Makambako, watu wa kumbeba mgeni usiku wa manane, tunashindwaje kubadilisha neti? Neti shilingi ngapi? Halafu ukisema, unaambiwa "mgeni gani mlalamishi hivi". Mgeni njoo mwenyeji apone, tunaimba wenyewe. Akipona tu anakukasirikia.

Na sio kwamba kule ni peponi. Yule mama wa Porto mwenyewe aliniambia mara nyingi unaandika kitabuni, unajibiwa barua ya adabu ndefu, na kinachobadilika ni kidogo. Nikamuuliza sasa mnaandikia nini? Akaniangalia kama nimemuuliza anaoga kwa nini.

Siku ya mwisho, nimeoga maji ya moto hatimaye, nikaenda makumbusho yao ya sanaa za kale, iko mtaa wa Janelas Verdes. Nilikuwa naijua habari ya kitu kimoja pale nikataka kukiona kwa macho. Ni monstransi, ile ya kanisani ya kuwekea ekaristi, ya dhahabu, imetengenezwa 1506, mitume 12 wadogo wamepiga magoti kuizunguka, kazi ya mkono ambayo huwezi kuamini. Mmeshajua dhahabu imetoka wapi? Kilwa. Ni ile kodi aliyoikamua Vasco da Gama kwa mtawala wa Kilwa mwaka 1502, kaja na manowari zake na mizinga akasema lipa la sivyo. Jamaa akalipa. Na 1505 wakaja wengine chini ya Francisco de Almeida wakaupora mji hata hivyo, wakaendelea mpaka Mombasa wakauchoma. (Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa, ilikuwa inatoka bara inapitia Sofala, wa historia msinirukie.)

Nikasimama pale mbele ya kioo nimevimba kifua na nimenuna kwa wakati mmoja, sijui kama mnaielewa hiyo hali. Umevimba kwa sababu ni ya kwenu, wazee wako walikuwa na dhahabu wakati huo jiji lile linanuka samaki. Umenuna kwa sababu umelipa kiingilio kuiona. Nikamwendea mlinzi wa makumbusho nikamuuliza kwa upole, kile kitabu cha malalamiko cha serikali, cha njano, mnacho? Akasema kipo mapokezi, una tatizo gani? Nikafikiria namna ya kuandika, jina la mlalamikaji, tarehe ya tukio 1502... nikamwambia basi, nauliza tu.

Desemba nikaja nyumbani, na kwa sababu ya ile monstransi nikapanda basi hadi Kilwa Masoko nivuke kwenda Kisiwani. Nimeona msikiti mkuu, Husuni Kubwa, na lile Gereza pale ufukweni, neno lingine la Wareno hilo, kwao igreja ni kanisa, sisi tukalifanya jela, na hilo sitalitolea maoni. Nikalala gesti Masoko. Chumba kisafi, shuka zimepigwa pasi, namsifu mwenye nayo, ila taa ya bafuni haiwaki na maji hayatoki. Nikasema leo nafanya Kireno. Nikaenda mapokezi nikamwambia binti, dada naomba kitabu cha malalamiko.

Akaniletea kaunta buku.

"Kaka si ulishajaza?" Nikamwambia nataka kuongezea. Akanipa kalamu na uzi wake. Kwenye mstari wangu, pembeni ya unakokwenda, nikaandika kwa herufi kubwa TAA YA BAFUNI MBOVU, MAJI HAKUNA, nikapiga na sahihi. Binti akaligeuza buku akasoma kwa sauti, akasoma tena, akaanza kucheka mpaka akashika meza, akamwita mama mwenye gesti jikoni, mama njoo uone kaka wa chumba namba 6 alichotuandikia. Mama akaja anafuta mikono kwenye kanga, akasoma yeye hakucheka. Akaniangalia. "Hili buku mwanangu polisi wanalipitia," akasema, "ungeniambia tu."

Dakika 10 hazikufika taa ikawaka. Maji alinitumia ndoo mbili, moja ya moto. Ule ukurasa asubuhi nilipokuwa natoka niliukuta umegundishwa karatasi nyeupe juu ya mstari wangu, na kwenye hiyo karatasi jina langu limeandikwa upya kwa mwandiko mzuri, kabila, kazi, natoka Ujerumani, nakwenda Dar.