Saa Nane za Amsterdam kwa Hesabu ya Nani?

Leo tena kuna mjuaji katuambia kwamba saa nane za kusubiri ndege ya pili Amsterdam "zinatosha kabisa kuumaliza mji." Kuumaliza! Mji ulioanza kuchimba ile mifereji yake mikubwa mwaka 1613, wewe uumalize kati ya ndege na ndege, tena na soksi za jana.

Tuhesabu basi. Toa saa moja ya kushuka na kupanga foleni ya pasipoti, ile ya sisi wengine, si ya wenye Ulaya yao. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, iwe imo ndani, la sivyo Uholanzi utaitazama kupitia kioo. Toa saa tatu za mwisho, maana kurudi kuna ukaguzi wa begi na pasipoti tena. Toa treni, kama dakika 17 kwenda na hizohizo kurudi, pamoja na dakika za kuduwaa chini ya ubao wa ratiba. Zimebaki saa tatu na chenji.

Treni yenyewe haina ugomvi, stesheni iko chini ya uwanja wa ndege wenyewe, Schiphol. Ugomvi uko kwenye kugonga. Pale hakuna geti, kuna vinguzo tu vya kugongea kadi ya nauli, vimesimama kimya, unavipita kama vile kondakta ni shemeji yako. Ukifika Amsterdam Centraal, stesheni kuu ya mjini, geti linagoma kama hukugonga. Gonga kadi ya benki unapoingia, gonga ileile unapotoka. Ileile! Si kuingia na ya baba na kutoka na ya mama. Na kadi moja ni ya mtu mmoja, usiigongee ukoo mzima. Ukirudi Schiphol ukasahau kugonga, unakatwa kama umezunguka nchi nzima.

Makumbusho? Nyumba ya Anne Frank, yule binti Myahudi wa shajara ya vita, tiketi zake ni za mtandaoni tu, hufunguliwa kila Jumanne kwa tarehe za wiki sita mbele. Kufika mlangoni na sura ya huruma hakusaidii.

Ndipo mjuaji anaposema: "Kodi baiskeli!"

Hebu tukae hapa kidogo. Kwetu mwenye baiskeli anapisha bajaji, anapisha daladala, anapisha hata mbuzi. Kule njia nyekundu ni ya baiskeli, na mwenye nayo hapunguzi. Anakuja mama na watoto wawili ndani ya kisanduku cha mbele, mkono mmoja mwavuli, anapiga kengele mara moja. Ya pili haipo. Wewe umesimama katikati ya wekundu unapiga picha ghorofa lililoinama. Kosa kubwa ni kuruka nyuma: yeye alishapiga hesabu ya kupita nyuma yako. Ukishaingia, endelea kwa mwendo uleule, usisite, usicheze rumba. Na ukiona pembetatu nyeupe sakafuni zimekuelekezea ncha, wewe ndiye wa kupisha.

Hapo bado unatembea kwa miguu. Ukiipanda sasa! Nyingi za kukodi breki yake iko kwenye pedali, unakanyaga kinyumenyume. Aliyejifunzia Phoenix, hatari ikitokea vidole vinakimbilia kwenye usukani, vinakamata hewa. Zenye breki za mkononi zipo, bei inazidi kidogo. Lipa, usijitie ubahili. Halafu kuna reli za tramu, zile treni za barabarani. Tairi ikizama kwenye ule mfereji wa chuma, baiskeli inabaki, mtu anaendelea. Reli ivuke kwa kuikata, isiwe mshazari, na mvua ikinyesha chuma kinateleza kama bamia. Ukishuka, kufuli mbili: moja ya gurudumu la nyuma, na mnyororo wa kuifunga kwenye kitu kisichobebeka. Usiiegeshe ovyo, manispaa wanaibeba, na kuifuata kunakula saa zote tatu. Saa tatu, jamani! Moja imeshaondoka kwa kutafuta breki!

Eti kuna maegesho chini ya maji mbele ya stesheni, yalifunguliwa 2023, nafasi 7,000, saa 24 za kwanza bure. Baiskeli inalala bure. Binadamu mwenye kibofu analipia choo stesheni hiyohiyo, tena kwa kugonga kadi.

Kizuri ni kimoja: nyuma ya stesheni kuna pantoni, inavuka usiku na mchana, bure, watu na baiskeli zao. Wa Kigamboni mtasoma sentensi hiyo mara mbili. Kuvuka ni dakika chache, mji unauona wote kwa nyuma, hugongi chochote.

Ila usinunue maji ya kunywea humo. Ya bomba ni safi, jaza chupa. Ukinunua, bei ya kwenye rafu si bei, kuna senti 15 za chupa ndogo juu yake. Kuzirudisha, nenda duka kubwa, uilaze chupa kwenye tundu la mashine, isiwe imebonyea, haipendi zilizobonyea, upewe karatasi ya kupeleka kaunta. Senti 15 ukizigeuza shilingi si za kutupa. Unaangalia saa, unaangalia chupa. Unapanga foleni, na mbele yako kuna mzee mwenye gunia la makopo.