Muziki wa KMRU upigwe Kisumu

Kuna watu hapa mjini wakisikia muziki wa KMRU, msanii wa Kenya anayetunga kwa mivumo na sauti za mazingira, husema ni kelele tupu, mambo ya Wazungu. Sikubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wangu ni nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo.

Mpiga nyatiti hachezi nyuzi 8 tu. Mguuni amefunga njuga, gara, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayogongea ubao wa chombo. Mlio wa chuma, mchakacho wa njuga na uzi unaovuma vinakwenda pamoja, na hakuna Mjaluo anayesema huo si muziki. Basi mtu aliyelelewa na sauti hizo anashindwaje kumsikiliza kijana anayejenga kazi yake kwa mivumo?

KMRU ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018. Mjukuu hubeba rekoda, akanasa sauti za mahali, kisha akazinyoosha kwenye kompyuta polepole mpaka husemi tena hii ni nini. Albamu yake *Peel* ya 2020 ilitolewa na Editions Mego, lebo ya Austria, na ikamfungulia milango. Baadaye alikwenda kusoma Berlin. Huku nyumbani wengi hawalijui jina lake, na hilo linaniuma.

Kazi yake ninayoiheshimu zaidi ni *Temporary Stored*, ya 2022. Humo alitumia sauti za Waafrika zilizorekodiwa enzi za ukoloni, zinazohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Suala hilo ni letu pia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Kenya akirekodi Wakipsigis na Wajaluo, na rekodi zake leo ziko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sauti za babu zetu, sisi tunaziomba!

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wenye stesheni za redio Kisumu, baada ya ohangla na rhumba, saa tano usiku, tupigieni kipande kimoja cha KMRU chote bila kukikata. Nanyi mnaosomea muziki pale Chuo Kikuu cha Maseno, chukueni rekoda mwende kwa wazee wa nyatiti Siaya wangali hai. Mkubaliane nao kwanza rekodi ni ya nani, na nakala ya kwanza ibaki kwa mzee mwenyewe.