Fraktali za pande tatu: kuchezea fomula ni utafiti au kubahatisha?

Fraktali ni umbo ambalo kila ukilikuza linaonyesha undani mwingine. Seti ya Mandelbrot, fraktali ya bapa ambayo picha yake wengi wameiona, inatokana na fomula fupi mno. Chukua namba changamano z (namba yenye sehemu mbili, inayoonyeshwa kama nukta kwenye bapa), anzia sifuri, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba c, kisha rudia hivyohivyo. Ikiwa z haitoroki, yaani haikui bila kikomo, hata ukirudia mara nyingi kiasi gani, nukta c imo ndani ya seti. Ikitoroka, iko nje. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliichunguza kwa kompyuta za IBM mwaka 1980, na swali likajileta lenyewe: umbo hilo likitolewa kwenye karatasi likapewa kimo, upana na kina, litakuwaje?

Hapo ndipo maoni yanapogongana. Upande mmoja wapo wajaribu. Hao huchukua programu za kuchora fraktali kama Mandelbulber au Fragmentarium, hubadilisha kipeo (idadi ya mara ambazo namba inazidishwa kwa yenyewe), hugeuza alama, huunganisha vipande vya fomula mbili, halafu huangalia kilichotoka. Upande wa pili wapo wanahisabati wanaosema kazi hiyo ni kupiga ramli: fomula isiyo na msingi huzaa picha ya kupendeza na hakuna zaidi. Mimi naegemea kwa wajaribu, ila utetezi wao wa kawaida, kwamba picha ni nzuri na hiyo yatosha, hauniridhishi.

Hoja ya wanahisabati ni nzito na inastahili kusikilizwa kwanza. Fomula ya Mandelbrot inategemea kuzidisha. Kwenye bapa kuzidisha kupo, tena kunafuata kanuni zote tulizozoea, kwa kuwa namba changamano zinaweza kuzidishana na kugawanyika. Kwenye pande tatu hakuna kitu cha namna hiyo. Mwanahisabati William Rowan Hamilton alihangaika miaka mingi akitafuta namba za sehemu tatu zinazozidishana vizuri, na mwaka 1843 akaishia kupata za sehemu nne, yaani kwaternioni. Mwaka 1877 mwanahisabati Ferdinand Frobenius alithibitisha kwamba tatizo halikuwa uzembe wa mtu yeyote: mfumo wa namba za sehemu tatu unaoruhusu kugawanya na kutunza kanuni za kawaida haupo kabisa.

Basi kwa nini tusitumie hizo kwaternioni? Zilitumika. Alan Norton alichapisha picha za fraktali za kwaternioni mwaka 1982. Lakini ukiandika fomula ya Mandelbrot kwa kwaternioni na kuikata upate pande tatu, unapata ile seti ya bapa imezungushwa kwenye mhimili wake. Kina kipo, jipya halipo. Nadharia ilikuwa safi na matokeo yakawa makavu.

Mandelbulb, fraktali ya pande tatu iliyo mashuhuri zaidi, ilikuja kwa njia ya wajaribu. Mwaka 2009 Daniel White na Paul Nylander waliacha kutafuta kuzidisha kwa kweli, wakaiga sura yake tu. Kwenye bapa, kuzidisha namba kwa yenyewe ni kupandisha urefu wake kwenye kipeo cha pili na kuongeza pembe yake mara mbili. Wao wakachukua nukta ya pande tatu yenye umbali r kutoka katikati na pembe mbili, mfano wa longitudo na latitudo, wakapandisha r kwenye kipeo n na kuzidisha pembe zote mbili kwa n. Hakuna nadharia iliyowaambia wafanye hivyo. Mkosoaji ana haki kabisa anapouliza: kwa nini latitudo ihesabiwe kutoka ikweta na si kutoka ncha? Ukibadilisha hilo, yaani sine ikachukua nafasi ya kosine, umbo zima linakuwa jingine. Fomula inayobadilika kwa uamuzi mdogo hivyo inasimama juu ya nini hasa?

Na kipeo cha 2, ambacho ndicho cha Mandelbrot mwenyewe, kilivunja moyo. Umbo lilitoka laini, lenye vinundu vichache. Nylander akapandisha kipeo, na kwenye 8 kikatokea kile ambacho sasa kila mtu anakitambua: tufe lenye vichuguu, mabonde na matawi yanayozaa matawi madogo zaidi kila unapolisogelea. Hapo sikubaliani na neno kubahatisha. Anayebahatisha hajui anachotafuta. Hawa walijua: walitaka uso ambao undani wake haukomi unapoukuza, wakageuza kigezo kimoja hadi wakaupata.

Hata hivyo Mandelbulb ina doa, na doa hilo ndilo linalonifundisha zaidi katika mjadala huu. Ikuze sehemu zenye vijiti na matuta, utaona undani juu ya undani. Sogea kando kidogo, utakutana na maeneo yaliyonyooka na kulainika kama udongo mbichi uliovutwa kwa vidole. Undani umesambaa upande mmoja hadi ukapotea. Mjaribu anaweza kutumia siku nyingi akibadilisha kipeo, 7, 8, 9, hata desimali, akitumaini doa litaondoka. Haliondoki.

Sababu ilikuwepo tangu mwaka 1850, kwenye uthibitisho wa mwanahisabati Joseph Liouville. Kwenye bapa kuna fomula nyingi zisizoharibu pembe: duara dogo mno likipita ndani yake linatoka duara, hata kama limekuzwa na kuzungushwa. Ndiyo maana vijisehemu vya seti ya Mandelbrot hubaki na maumbo yao hata ukikuza mara milioni. Kwenye pande tatu, Liouville alionyesha, njia za kutunza pembe ni chache sana: kusogeza, kuzungusha, kuakisi, kukuza au kupunguza, na kupindua ndani-nje kwa tufe, pamoja na michanganyiko yake. Kupandisha kwenye kipeo hakumo. Kwa hiyo fomula ya Mandelbulb, kwa kipeo chochote kinachozidi 1, lazima ivute mahali fulani.

Sasa angalia Mandelbox, fraktali nyingine ya pande tatu, ambayo Tom Lowe aliibuni mwaka 2010. Yeye aliachana na kuzidisha nukta kwa nukta. Kila mrudio una hatua nne. Kwanza kukunja: kijenzi chochote kati ya x, y na z kikizidi 1, kinaakisiwa, kikiwa 1.3 kinakuwa 0.7, na vivyo hivyo upande wa hasi. Pili, nukta zilizo karibu na katikati hupinduliwa kwa tufe, na zile za ndani kabisa hukuzwa. Tatu, vyote vinazidishwa kwa kipimo fulani, mara nyingi 2. Nne, unaongeza c. Linganisha hatua hizo na orodha ya Liouville: kuakisi, kupindua, kukuza, kusogeza. Zote zimo! Nafikiri ndiyo sababu kuta za Mandelbox hubaki na makali yake hata ukizama ndani, pale ambapo Mandelbulb ingekuwa imeshavutika. Uthibitisho wa Frobenius nao haugusi kazi hii, maana unahusu kuzidisha nukta kwa nukta na hapa nukta hazizidishani.

Lipo shtaka moja dhidi ya wajaribu ambalo sioni wakilijibu inavyostahili, nalo linahusu uchoraji kuliko fomula. Programu hizi hurusha mwali kwa kila pikseli. Mwali unakadiria umbali hadi uso ulio karibu, unasogea umbali huo, unakadiria tena, mpaka ugote. Njia hiyo ilielezwa na John Hart, Daniel Sandin na Louis Kauffman mwaka 1989. Picha ya 1920 kwa 1080 ina miali zaidi ya milioni mbili, kila mmoja na makumi ya hatua, na kila hatua inarudia fomula upya. Kadi za grafiki za leo zinafanya yote hayo kwa kufumba na kufumbua, ndiyo maana inashawishi kuchomeka fomula yoyote na kuona.

Lakini makadirio ya umbali hutegemea kujua fomula inavyonyoosha au kubana anga kila mrudio. Kwa Mandelbulb ni nusu ya r, mara logariti ya r, kugawanya kwa kiasi hicho cha kunyooka kilichokusanywa. Ukibadilisha fomula ukasahau kubadilisha hesabu hiyo, miali inaruka uso na kutua upande wa pili. Matokeo yake ni vumbi, matobo na nyuzi nyembamba ambazo mtazamaji anazisifu kuwa ni undani. Ni makosa ya mchoro. Kipimo chake ni rahisi: punguza kila hatua ya mwali iwe nusu, chora tena palepale. Kinachotoweka hakikuwa cha fomula. Anayetoa picha bila kufanya hivyo, na bila kuweka fomula na vigezo vyake wazi ili mwingine airudie, anampa mkosoaji ushindi wa bure.

Kwa anayefanya hivyo, uwanja bado ni mpana. Hakuna fomula iliyokubalika kuwa ndiyo seti ya Mandelbrot ya pande tatu, na kwa ninavyomwelewa Liouville, kuendelea kugeuza vipeo hakutaileta. Ningeweka juhudi kwenye kukunja. Mandelbox inakunja kwa nyuso za mchemraba peke yake, na kubadilisha kipimo chake kutoka 2 kwenda -1.5 tayari kunatoa jengo jingine kabisa. Nyuso za piramidi ya pembetatu, au za umbo la nyuso kumi na mbili, zinaakisi vilevile bila kuharibu pembe, na kila moja inaweza kuunganishwa na kupindua kwa tufe la ukubwa wowote.