Kilifi si Gede na mnara wa Vasco da Gama tu

Asante kwa makala yenu ya safari ya Kilifi, lakini mwandishi amepita Kilifi kama watalii wapitavyo: Gede asubuhi, mnara wa Malindi jioni, kisha hoteli. Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, sina ugomvi nayo. Msikiti ule wa mawe ya matumbawe na vipande vya kauri za Kichina vilivyofukuliwa pale vinatosha kumnyamazisha anayedhani pwani ilianza na Mreno mwaka 1498.

Lakini Kaya Fungo, msitu mtakatifu wenye makao ya kale ya Wagiriama, iko wapi? Wagiriama walikula kiapo pale mwaka 1913, shujaa wao wa kike Mekatilili wa Menza akiwahimiza kwa ngoma ya kifudu wasitoe vijana wala kodi kwa Waingereza. Akakamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, magharibi mwa Kenya, wakatoroka na kurudi nyumbani kwa miguu. Hebu angalia ramani ujue ni mwendo gani! Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ikailipua kaya kwa baruti.

Makaya ya Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, miaka mingi kabla ya Gede. Na vigango je? Nguzo hizo za mbao za kuwakumbuka wazee wa Gohu, chama cha heshima cha Wagiriama, ziling'olewa usiku, zikauzwa, nyingine zikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Baadhi zimerudishwa.

Ukija tena, omba ruhusa kwa wazee, vua viatu, uingie msituni taratibu. Picha zitasubiri. Na Rabai, penye makaya mengine, usiipite, ni njiani tu ukitokea Mombasa.