Kanuni za Mwenendo Shuleni: Nani Aziandike, na Zipitiwe Upya Vipi?

Karibu kila shule ina kanuni za mwenendo, ziwe zimechapishwa kwenye kijitabu au zimebandikwa ukutani, lakini si kila shule inayoweza kueleza kila kanuni ilitoka wapi. Nyingi huzaliwa na tukio fulani: simu iliita katikati ya mtihani, ikaandikwa kanuni ya simu, wanafunzi wawili wakapigana, ikaongezwa adhabu. Miaka inapita, tukio linasahaulika, kanuni inabaki, na mwalimu wa zamu anaisimamia bila kujua ilikusudiwa kuzuia nini.

Ndiyo maana suala la nani aziandike lina uzito. Wapo wanaosema kazi hii ni ya uongozi wa shule na walimu peke yao, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwalimu ndiye anayebaki na darasa zima, na ndiye atakayeulizwa mtoto akiumia. Tena yapo mambo, kama vile silaha, dawa za kulevya na unyanyasaji wa kingono, ambayo hayangoji kupigiwa kura. Wanaongeza kuwa mashauriano hula muda, na kwamba mzazi anayesikika zaidi mkutanoni huenda hawasemei wenzake.

Wanaotaka wanafunzi na wazazi washirikishwe hutegemea Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Ibara ya 12 inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, yakapewa uzito kwa kadiri ya umri na upevu wake. Ibara ya 28 inataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Mkataba hausemi mwanafunzi aamue, bali asikilizwe, na tofauti hiyo hupotea mara nyingi katika mabishano.

Mimi naelemea upande huu wa pili, si kwa sababu ya haki tu, bali pia kwa sababu wanafunzi ndio wanaojua kanuni inavunjikia wapi. Chukua kanuni ya kuchelewa: geti likifungwa, aliyechelewa anasimama nje hadi kipindi cha kwanza kiishe. Kwenye karatasi hiyo ni nidhamu. Kwa msichana ambaye kila asubuhi lazima kwanza amfikishe mdogo wake shuleni, ni kipindi cha hisabati kinachopotea siku baada ya siku, mpaka anaona heri asije kabisa na kesho yake alete barua ya ruhusa. Kanuni iliyowekwa kulinda muda wa masomo ndiyo inayoula. Mwalimu aliye getini anaona uzembe. Msichana angeeleza yote siku ya kwanza, laiti angeulizwa.

Lugha nayo ina matatizo yake. Nani atapinga sentensi kama “mwanafunzi awe na heshima wakati wote”? Lakini mwalimu mmoja humwadhibu anayeuliza “kwa nini”, mwingine humsifu. Kabla rasimu haijapitishwa, walimu na wanafunzi wapewe, kila kundi kivyake, visa vitano vifupi na kuulizwa kanuni inataka nini kifanyike. Majibu yakipishana, sentensi iandikwe upya.

Wanaoogopa mapitio ya mara kwa mara wana haki katika jambo moja: kanuni inayobadilishwa katikati ya muhula kwa sababu mzazi mmoja amekasirika hupoteza nguvu. Basi mapitio yawe na tarehe inayojulikana, na yafanywe daftari la makosa likiwa wazi mezani. Mwanafunzi akiandikwa mara kumi kwa kosa lile lile, adhabu haifanyi kazi. Kanuni ambayo hakuna anayeweza kueleza inalinda nini ifutwe kabla ya nyingine kuongezwa. Na ikiwa makosa mengi yanatoka kwenye vipindi vya mwalimu mmoja, huenda kasoro haimo katika kanuni. Hapo ndipo walimu wanapohofia kwamba daftari litageuzwa fimbo ya kuwachapia wao, na hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo lisomwe kwanza katika kikao chao wenyewe, na mwalimu anayehusika apate msaada wa mwenzake kabla jambo halijafika kwenye mkutano wa wazazi.