Usiing'oe miti yote

Familia ikipata shamba kuukuu la matufaha au mapichi na kuamua kutengeneza mvinyo, jambo la kwanza huwa ni kuita tingatinga. Miti yote chini, miche ya mizabibu ardhini kabla msimu haujaisha. Haraka hiyo naipinga: ng'oa nusu tu kwanza, nusu nyingine iache.

Ardhi iliyobeba miti ya matunda kwa miongo kadhaa ina mambo yake. Kuvu wa Armillaria, anayeozesha mizizi, huweza kuishi miaka mingi katika mabaki ya mizizi, kisha akahamia kwenye mzabibu. Minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi, nao wamo. Tena mashamba mengi ya matufaha, hasa ya Marekani, yalipuliziwa dawa za wadudu zenye sumu za madini ya risasi na aseniki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na vitu hivyo haviozi. Kwa hiyo pima udongo kwanza, okota mizizi yote unayoweza, halafu panda nafaka au majani ya kufunika ardhi kwa msimu mmoja au miwili. Wenye haraka watasema unapoteza muda, waache waseme. Mzabibu ukishatulia hudumu miaka 30 na zaidi, nao haung'olewi kirahisi ukishagundua umeupanda juu ya ugonjwa.

Rutuba nayo ina hila. Udongo ulioshiba mbolea huupa mzabibu majani mengi kuliko inavyofaa, na zabibu zilizofunikwa na kivuli huiva vibaya na kuoza upesi.

Lakini hoja yangu kubwa ni fedha. Mzabibu huchukua takriban miaka mitatu kutoa mavuno ya maana, na mvinyo mwekundu huweza kukaa pipani mwaka mzima au zaidi. Ukijumlisha na kupumzisha ardhi, ni miaka mitano au sita bila chupa ya kuuza. Nani atalipa mafuta ya trekta? Ile nusu ya miti uliyoiacha. Uza matunda yake, na matufaha mengine yachachushe uwe na kinywaji cha kwanza cha kuuza. Wakati huohuo nunua zabibu za jirani ujifunzie. Mvinyo wa kwanza ukiharibika, bora zabibu ziwe za kununua.

Kuhusu ukubwa, anzeni na soko. Kilo moja ya zabibu hutoa karibu chupa moja ya mililita 750, hivyo tani mbili tu ni chupa zinazokaribia 2,000. Kaeni mezani mjiulize ni nani katika familia atakayeziuza, kisha ndipo mhesabu miche.