Mwalimu akipatikana na virusi, kesho nani ataingia darasani?

Shule za Kenya zilifunguliwa nusunusu Jumatatu ya Oktoba 12, 2020: Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 pekee. Hata mwezi haujakatika, Mombasa ikafunga shule mbili, Tononoka na Star of the Sea, baada ya walimu 15 kupatikana na virusi vya korona. Watu 15 hawaambukizwi asubuhi moja. Virusi vilikuwa vimeshazunguka majilisini, chumba cha walimu, siku kadhaa, pamoja na chai ya saa nne na madaftari ya kusahihisha, huku langoni kila anayeingia akielekezewa kipimajoto usoni na kuambiwa pita.

Kipimajoto hakina lawama. Kazi yake ni kupima joto, na mwenye virusi asiye na homa alipita kama wengine. Ndiyo maana vyama vya walimu vilitaka walimu wapimwe kabla kengele haijalia. Dai lile lilipita kama upepo. Leo korona ni habari ya zamani kwa wengi, lakini swali lenyewe halikujibiwa, na ugonjwa mwingine wa aina hiyo utalirudisha vilevile lilivyokuwa: je, wafanyakazi wa shule wapimwe kila wiki, wawe na dalili au wasiwe nazo?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito kuliko walivyosikilizwa. Uchunguzi uliofanywa Uingereza katika shule zilizokuwa wazi Juni na Julai 2020 ulionyesha kwamba virusi vilipita zaidi kutoka kwa mfanyakazi kwenda kwa mfanyakazi mwenzake; mtoto kumwambukiza mtoto kulikuwa kuchache. (Hiyo ilikuwa kabla ya Delta na Omicron, ambazo zilibadilisha mengi.) Sisi tulihangaika kupima kwa rula nafasi kati ya dawati na dawati, na walimu tukawaacha wabanane kwenye chumba kimoja chenye madirisha mawili.

Kwa shule za bweni hoja inazidi kukaza. Mwanafunzi wa bweni akishaingia hatoki mpaka likizo. Anayetoka jioni na kurudi alfajiri ni mpishi, bawabu, fundi, dereva, na mwalimu aliyepanga nyumba mtaani. Hao ndio lango halisi la shule, kuliko lile la chuma. Tuseme shule ina watoto 800 na watu 40 wa namna hiyo: ukiwapima hao 40 umelinda ua mzima bila kumtia mtoto hata mmoja kijiti puani. Ajabu ni kwamba mjadala wetu wote ulihusu walimu. Mpishi anayepakua ugali wa watoto 800 hakutajwa na mtu.

Halafu kuna gharama ya kufunga. Uganda ilizifunga shule Machi 2020, ikazifungua na kuzifunga tena kwa vipande, na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Wanafunzi takribani milioni 15 waliguswa. Kuna wasichana waliorudi darasani na ujauzito, wengine wasirudi kabisa. Kuna shule za binafsi zilizogeuzwa nyumba za kulala wageni. Kwa hiyo anayesema vipimo ni ghali aulizwe kwanza: ghali kuliko nini?

Hata hivyo, tupige hesabu, kwa sababu walioukataa mpango huu hawakuwa wapumbavu. Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vipimo vya haraka milioni 120 vingepelekwa nchi za kipato cha chini na cha kati kwa bei isiyozidi dola 5 kimoja, takribani shilingi 540 za Kenya wakati ule. Walimu walioajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, ni zaidi ya 300,000. Kuwapima mara mbili kwa wiki ni vipimo 600,000, yaani shilingi milioni 324 kila wiki, na bado hujamhesabu mpishi wala bawabu. Fedha za serikali kwa mwanafunzi mmoja wa sekondari ya umma zilikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Wiki moja ya vijiti ingemeza fungu la mwaka mzima la wanafunzi zaidi ya 14,500. Na hiyo ni bei ya kipimo cha haraka. PCR, kipimo cha maabara kilicho sahihi zaidi, kwenye maabara za binafsi ilikuwa shilingi elfu tano, sita, hadi kumi.

Uwezo nao ulikuwa mdogo. Siku shule zinafunguliwa, Kenya nzima ilikuwa imepima sampuli zinazokaribia 600,000 tangu Machi. Yaani mpango wa walimu peke yao ungehitaji kila wiki kazi ambayo taifa lilikuwa limeifanya kwa miezi saba. Katika shule ambazo maji ya kunawa mikono yaliletwa kwa punda, si rahisi kumshawishi mwalimu mkuu kwamba shilingi inayofuata iende kwenye vijiti vya pua.

Kisha kuna ubora wa kipimo chenyewe, na hapa pande zote mbili hupenda kunukuu nusu ya habari. Mwishoni mwa 2020 jiji la Liverpool lilipima watu wasio na dalili kwa kipimo cha haraka cha Innova. Kati ya kila watu 10 ambao PCR iliwaonyesha kuwa na virusi, kipimo hicho kiliwanasa kama 4 tu. Kwa upande mwingine, kilimsingizia mtu asiye na virusi mara chache mno, takribani mmoja kati ya 1,000.

Tuzipeleke namba hizo kwa walimu wetu 300,000. Ikiwa mmoja kati ya 200 ana virusi, wagonjwa ni 1,500. Kipimo kitanasa 600, kitawaacha 900 waingie darasani wakiwa na uhakika wa uongo, na kitawarudisha nyumbani karibu 300 wasio na chochote. Wimbi likishuka, abaki mmoja tu mwenye virusi kati ya 1,000, wagonjwa watakuwa 300, watakaonaswa 120, na wanaosingiziwa bado ni wale wale 300. Wakati huo, kati ya kila walimu saba wanaoambiwa wakae nyumbani, watano hawana virusi. Kipimo hakijabadilika. Kilichobadilika ni ugonjwa uliopo mtaani, na ndicho kitu ambacho agizo la "kila mtu, kila wiki, mwaka mzima" haliwezi kukiona.

Watetezi wana jibu, nalo si dogo. Mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko Michael Mina, aliyekuwa Harvard, alirudia hadi akachosha watu kwamba kipimo hafifu kinachorudiwa mara nyingi hushinda kipimo bora kinachofanywa mara moja na kuleta majibu baada ya siku tano. Wengi kati ya wale ambao kipimo huwakosa wana virusi vichache mno vya kuambukiza, au wako mwishoni mwa ugonjwa. Na aliye mwanzoni, ambaye kipimo kilimkosa Jumatatu, atanaswa Alhamisi. Naikubali hoja hiyo kwa sharti moja: Alhamisi iwepo kweli. Mpango wa vipimo viwili kwa wiki ambao kijiti cha pili hakifiki kwa sababu gari la kaunti halina mafuta umegeuka kuwa mpango wa kipimo hafifu kimoja, nao hauna mtetezi.

Hata bei haikuwa ukuta usiopenyeka. Rwanda, jirani, ilichanganya sampuli za watu wengi na kuzipima kwa PCR moja: jibu likiwa hasi kundi zima liko salama, likiwa chanya unachambua nani hasa. Njia ya kuzichambua iliandaliwa na wanahisabati na madaktari, baadhi yao wakiwa Kigali, na ikachapishwa katika jarida la Nature. Shule za msingi za jimbo la Ujerumani la Nordrhein-Westfalen nazo zilifanya jambo la aina hiyo kuanzia Mei 2021: watoto wakinyonya kijiti kama peremende, vijiti vya darasa zima vikipimwa kwa pamoja. Majilisi ya walimu 30 ni kundi lililokwisha kujipanga lenyewe. Ugonjwa ukiwa mchache, PCR moja kwa majilisi nzima ni nafuu kuliko vipimo vya haraka 30, na inanasa zaidi.

Uingereza ilikuwa na fedha, kwa hiyo ilijaribu. Kuanzia Januari 2021 wafanyakazi wa shule walipewa vipimo vya haraka vya kutumia mara mbili kwa wiki. Yaliyofuata yanafunza. Machi 2021 shule zilipofunguliwa, ugonjwa ulikuwa umepungua, lakini mwanafunzi aliyepimwa shuleni na kuonekana ana virusi hakuruhusiwa kurudi hata PCR ikimtoa hatiani. Baada ya kelele za wazazi na wanatakwimu, kanuni ikabadilishwa mwishoni mwa mwezi huo huo. Januari 2022, Omicron ikiwa imefurika, wakafanya kinyume: PCR ya kuhakikisha ikaondolewa, kwa sababu karibu kila aliyeonekana ana virusi alikuwa navyo kweli. Nao walijaribu kuwapima kila siku waliokutana na mgonjwa badala ya kuwafungia siku 10, katika shule na vyuo 201. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet Septemba 2021, yalionyesha kwamba kuwaacha waendelee na masomo huku wakipimwa hakukuwa na madhara zaidi ya kuwafungia nyumbani. Kwangu hilo ndilo zao kubwa la mpango wao. Vipimo vilifaa kuliko vyote pale vilipotumika kumruhusu mtu abaki kazini.

Hapo ndipo mjadala wa kwetu ulipopotea. Tulibishana kuhusu bei na usahihi, na hatukuuliza mtu akipatikana na virusi atakula nini.

Wakenya hawakuogopa kijiti. Waliogopa kilichofuata. Mwezi wa Aprili 2020 watu waliwekwa karantini ya serikali na kudaiwa gharama ya kulala humo, wengine wakaruka ukuta. Serikali ilikubali kubeba gharama hiyo Mei tu. Kwa hiyo watu wa Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa walipoitwa kupimwa wakajitokeza wachache, haikuwa ujinga. Walikuwa wamepiga hesabu. Ng'ambo ya mpaka, rais wa Tanzania wakati ule, John Magufuli, alikuwa amesema hadharani kwamba hata sampuli za mbuzi na papai zilirudi na majibu ya korona. Ukiongeza mzaha juu ya hofu, hakuna bango la wizara litakalomtoa mtu nyumbani.

Sasa mchukue mwalimu wa BOM, aliyeajiriwa na bodi ya shule, ambaye miezi ya kufungwa shule ilimpita bila mshahara. Au mwalimu wa shule ya binafsi aliyepewa likizo isiyo na malipo. Mwambie apimwe kila Jumatatu, na akipatikana na virusi akae nyumbani siku 14. Kwake hicho si kipimo cha afya, ni bahati nasibu ya kodi ya nyumba. Hata Uingereza haikusalimika: msafishaji wa shule aliyeajiriwa kupitia kampuni angeweza kubaki na posho ya ugonjwa ya pauni 95.85 kwa wiki, na ruzuku ya pauni 500 iliyoanzishwa Septemba 2020 ilikuja na masharti. Mwenye mshahara wa serikali hupima kwa moyo mweupe. Anayelipwa kwa siku hujifunza kukigusisha kijiti puani kidogo tu.

Mfano wa kupima watu kama sharti la kazi tunao wenyewe: madereva wa malori. Mwaka 2020 kila dereva alitakiwa awe na cheti cha kutokuwa na virusi, kinachodumu siku 14, ili avuke mpaka wa Malaba au Namanga. Virusi vingi vilinaswa, kweli. Lakini foleni ilienda kilomita kadhaa, madereva walilala barabarani kwa siku nyingi wakisubiri majibu, wakachekwa na kuitwa wabeba korona katika miji waliyoilisha. Mwalimu anayeishi kijiji kimoja na wazazi wa wanafunzi wake ana cha kuogopa zaidi. Dereva huondoka.

Nikiulizwa, kupima kila mfanyakazi wa kila shule kila wiki ningekukataa, na kutompima yeyote ningekukataa vilevile. Ningeanza na wanaotoka na kuingia katika shule za bweni, siku ya kufungua na wiki zile ambazo kaunti iko kwenye wimbi, kwa sampuli za kuchanganywa pale maabara ilipo karibu na kipimo cha haraka pale ilipo mbali, na PCR ya kuhakikisha ndani ya siku mbili kabla jina la mtu halijaanza kutajwa sokoni. Jambo hili lina hasara yake: shule za kutwa, ambazo ndizo nyingi na ndizo maskini, zingebaki na ndoo ya maji na dirisha wazi. Siwezi kulificha hilo.

Ila kabla ya kununua kijiti cha kwanza ningetaka kuona karatasi moja kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Iandikwe nani atafundisha Hisabati Kidato cha 4 mwenye somo akikaa nyumbani, na mpishi anayelipwa kwa siku atapata shilingi ngapi kwa kila siku kati ya hizo 14, kutoka mfuko gani. Oktoba 2020 karatasi hiyo haikuwepo, na kuiandika hakukuhitaji maabara.